Bastola ya mashindano haichaguliwi kwa mapozi

Huku Ganako baridi ya asubuhi ipo palepale, ukungu ukipanda tu vumbi jekundu linashika zamu, na kijiweni kwa madereva wa watalii stori ni zilezile: nani kapata wageni wazuri, nani kaharibikiwa na gari Serengeti, nani kapewa tipu ya dola halafu anajifanya hana kitu.

Wiki hii lakini nimepata ujumbe ambao sikuutegemea. Aliyeniandikia ni kijana wa rika langu, dereva wa watalii, jina lake nalihifadhi kwa sababu mtaelewa baadaye. Anasema aliona kwenye simu ile picha ya yule Mturuki aliyelenga shabaha kwenye Olimpiki mkono mmoja ukiwa mfukoni, kama mtu anayesubiri daladala. Tangu siku hiyo halali. Anataka kuingia kwenye mchezo wa kulenga shabaha kwa bastola, na mimi nimtajie bastola moja tu, ya kuaminika, akanunue. Halafu mwishoni mwa ujumbe kaweka maneno mawili matatu yaliyonifanya niisome mara ya pili: kuna mshikaji kamwahidi "mashine" kwa bei poa, haina mambo ya karatasi.

Hiyo habari ya karatasi nitaifikia, usiwe na haraka. Kwanza tuanze na Mturuki mwenyewe, maana watu wengi wamedanganyika naye.

Jina lake ni Yusuf Dikeç. Tarehe 30 Julai 2024 yeye na binti wa Kituruki, Şevval İlayda Tarhan, walitwaa medali ya fedha kwenye bastola ya hewa ya mita 10, timu za mchanganyiko. Dhahabu walichukua Waserbia, Zorana Arunović na Damir Mikec. Picha ikazagaa dunia nzima, na maneno yakaongezwa chumvi: eti mzee katoka nyumbani na bastola yake ya kawaida, hana kifaa chochote, kawapiga bao wenye mitambo. Si kweli, jamani. Kitu ambacho hakuwa nacho ni ile miwani ya kifundi yenye lenzi moja na kile kibao cha kuziba jicho la pili. Miwani yake ilikuwa ya kawaida, na masikioni alikuwa na vizibo. Lakini bastola aliyoshika ilikuwa ya mashindano kama ya wenzake wote, na ile ilikuwa Olimpiki yake ya tano, alianza Beijing mwaka 2008. Alikuwa na umri wa miaka 51. Kwa hiyo ule mkono mfukoni si mapozi ya kuuza sura. Mkono usio na kazi ukiachwa unaning'inia unayumbisha mwili, ndiyo maana wapiga shabaha wengi huutia mfukoni au kuuning'iniza kwenye mkanda.

Sasa swali la ndugu yetu, "bastola gani ya kuaminika?", lina kasoro moja. Ni kama kuuliza gari gani zuri bila kusema unakwenda wapi. Gari la kuteremkia kreta ya Ngorongoro si lile la kubebea maharusi. Bastola nazo zina michezo yake, na ile inayotamba kwenye mchezo mmoja, kwenye mwingine hata kuipitisha mlangoni hawakuruhusu.

Mchezo wa Dikeç ni wa bastola ya hewa. Unasimama mita 10 kutoka kwenye shabaha, unashika kwa mkono mmoja tu, unapiga kirisasi kidogo cha milimita 4.5 kinachosukumwa na hewa iliyoshindiliwa kwenye kichupa. Mizunguko ya kwanza ni mapigo 60 ndani ya dakika 75. Duara la pointi kumi lina upana wa milimita 11.5. Angalia kifungo cha shati lako, ni hapo hapo. Sasa kibandike ukutani, rudi hatua kumi na kitu, halafu ukigonge mara sitini.

Bastola zenyewe za daraja hilo zinatoka kwa watengenezaji kama Steyr wa Austria, Morini wa Uswisi, Pardini wa Italia, Walther na Feinwerkbau wa Ujerumani. Ukiitazama mara ya kwanza utacheka, mpini wake umechongwachongwa kama mzizi wa mti na chini una kibao cha kukalia kiganja. Haina hata chembe ya sura ya sinema. Bei yake ikiwa mpya huwa inapita dola 1,500 za Kimarekani, na zile za juu zaidi zinakwenda mbali na hapo. Si mchezo. Lakini kuna za mazoezi za bei ya chini kabisa, zile unazokunja mtutu au unavuta mkono wa pembeni kushindilia hewa, na makocha wengi duniani huwaanzishia vijana hizo. Sababu ni nyepesi: haina teke la kumtisha anayejifunza, kelele yake ndogo, na virisasi vyake ni rahisi kuliko risasi za moto.

Angalizo. Usije ukasikia neno "hewa" ukadhani ni kitu cha kuchezea, ukaagiza kimyakimya kama unavyoagiza viatu. Kirisasi chake kinatoboa jicho. Kabla hujatoa hata senti, nenda ofisi ya mkuu wa polisi wa wilaya ukaulize ile unayoitaka inahitaji nini. Kuuliza ni bure.

Ngazi ya pili ni bastola ya risasi ndogo ya .22, yaani milimita 5.6, ya kupigia mita 25. Hapa ndipo penye utamu, na hapa ndipo neno "kuaminika" linaanza kupata maana. Risasi ya .22 ina ugonjwa wake: baruti ya kuwashia imepakwa kwenye ukingo wa ganda, si katikati, kwa hiyo mara mojamoja inagoma kulipuka. Tena ina nta na inaacha masizi mengi. Ukitaka kujua bastola ya .22 ni mzima au mgonjwa, usiulize mwenye duka. Ipige. Wapenzi wa mchezo huu wanakwambia bastola moja inaweza kula risasi za kampuni hii kama karanga, halafu ukiipa za kampuni nyingine inatapika. Kwa hiyo unanunua pakiti ndogondogo za aina nne au tano, unaiweka mikono yako juu ya gunia la mchanga, unapiga tano tano kwenye karatasi, unatazama ni risasi gani matundu yake yamekaa pamoja. Kwenye shabaha ya mita 25 ya kulenga taratibu, duara la kumi lina upana wa sentimita 5. Kama bastola ikiwa imeegemezwa gunia haiwezi kuweka tano ndani ya duara hilo, basi usitegemee mkono wako unaotetemeka utaifanyia miujiza.

Zinazosifika kwa wanaoanza ni zile Ruger za Kimarekani, ukoo ulioanza mwaka 1949. Kwa miaka mingi zilikuwa na sifa mbili: hazikwami ovyo, na ukizifungua kuzisafisha unaweza kulia kabla hujazifunga tena. Toleo la Mark IV la mwaka 2016 walilifanya lifunguke kwa kubonyeza kitufe kimoja. Kwa mtu wa Karatu hilo si jambo dogo, nitakwambia kwa nini. Ukipanda juu zaidi kuna Pardini, Walther GSP na wenzao, hizo ni za watu wanaokwenda mashindano makubwa na kocha pembeni.

Ya tatu ni ile vijana wengi wanaiota: bastola ya milimita 9, unakimbia, unajibanza nyuma ya ukuta wa mbao, unapiga vibao, saa inahesabu. Kuna chama kinaitwa IPSC kilichoanzishwa Marekani mwaka 1976, na kingine IDPA cha mwaka 1996. Na hapa hatuna haja ya kwenda mbali, maana majirani zetu wa Kenya wamo. Uwanja wa Kirigiti, Kiambu, miaka hii umekuwa ukiandaa mashindano ya mtindo wa IDPA, na hata wapiga shabaha kutoka nje ya Kenya wamekwenda kushindana pale. Namanga si mbali. Mtu wa Ganako anayetaka kuona mchezo huu kwa macho yake anaweza kupanda basi Arusha akaenda kutazama, mikono mitupu, bila kugusa chochote. Ningekuwa mimi ndiye huyo dereva, pesa yangu ya kwanza ingeishia kwenye nauli hiyo.

Ukifika huko utaona mengi yako mikononi mwa aina chache. Kuna Glock, ambayo ile ya 17 iliingia jeshi la Austria mwaka 1982, nyepesi, mwili wa plastiki ngumu, haina mambo mengi. Kuna CZ Shadow 2 ya Wacheki, chuma kitupu, inapita kilo moja na robo ikiwa tupu, na kwenye IPSC, lile kundi la bastola zisizofanyiwa ufundi mwingi, imetesa sana. Washabiki wa pande hizi mbili wanabishana kama Simba na Yanga. Kwa mashindano matupu naona wa CZ wana hoja: bastola nzito haichezi sana ikipigwa, jicho linarudi mapema kwenye alama ya kulengea. Kwa mtu mwenye mshiko mdogo lakini, anayetaka kitu ambacho fundi na vipuri vyake vinapatikana nchi nyingi, Glock haijamwangusha mtu.

Wenye ubishoo wao watakwambia kasi ndiyo kila kitu. Ngoja tupige hesabu. Kwenye IPSC pointi zako zinagawanywa kwa sekunde ulizotumia. Umepata pointi 60 kwa sekunde 10, una 6. Bastola ikakwama mara moja tu, ukapoteza sekunde 3 kuigonga magazini na kuvuta, sasa ni 60 kwa 13, una 4.6. Umeporomoka karibu robo nzima kwa kitu ambacho hata si kosa la mkono wako. Ndiyo maana wakongwe hawanunui bastola mpya wiki ya mashindano. Wanaipiga risasi mia mbili, mia tatu, kwa risasi zilezile watakazoshindania na magazini zilezile, na kila magazini wanaiwekea alama ya rangi. Ikikwama wanatazama alama. Mara nyingi bastola haina hatia, mwizi ni magazini moja yenye springi iliyochoka.

Tuje kwenye kiganja, maana mimi naona hapa ndipo watu wanapopigwa. Mtu anaingia dukani anatazama bastola kama anavyotazama saa ya mkononi: inang'aa, jina kubwa, wenzangu watanionaje. Ishike bwana. Ikiwa imehakikishwa kuwa haina risasi, na muuzaji amekuonyesha na wewe umetazama kwa macho yako mwenyewe chemba iko wazi. Funga macho, inyooshe kuelekea ukuta mtupu, fungua macho. Je, alama ya mbele na ya nyuma zimejipanga zenyewe, au inabidi ukunje kiwiko na kupinda shingo kuzitafuta? Kidole cha shahada kinafika kwenye triga kwa ile nyama ya mbele ya kidole bila kuuvuta mkono wote? Kama hapana, hiyo bastola imechongwa kwa ajili ya mtu mwingine, hata kama ni ya bei mbaya.

Triga nayo ina hesabu yake. Kwenye bastola ya hewa sheria inasema isilegee chini ya gramu 500, na waamuzi wanaipima kwa kuitundikia uzito. Nusu kilo ya sukari. Kwenye .22 ya mita 25 ni gramu 1,000, kilo nzima. Wengi wanadhani triga nyepesi ndiyo nzuri. Uzuri wake uko kwenye kurudia. Leo iachie palepale ilipoachia jana, pigo la kwanza na la sitini liwe na uzito uleule, bila kukwaruza katikati. Kidole ni mwanafunzi, kinajifunza kwa kukariri. Mwalimu akibadilisha jibu kila siku mwanafunzi anafeli.

Halafu vumbi. Huku kwetu, wale mnaoijua barabara ya Njiapanda kushuka Mang'ola mwezi wa Septemba mnanielewa. Vumbi lile linaingia kwenye kufuli, kwenye redio, kwenye meno. Bastola ya mashindano imebana kuliko ya askari, vyuma vyake vimekaa karibu karibu ili isicheze, na kubana huko ndiko kunakoipa shabaha. Ila punje ya mchanga ikiingia humo umekwisha. Na kosa wanalofanya wengi ni kumimina mafuta eti iteleze. Mafuta mengi ni gundi ya vumbi. Tone dogo kwenye njia za kuteleza, unafuta linabaki kama kivuli tu, basi. Sasa unaona kwa nini nilisema kufunguka kwa kitufe kimoja si jambo dogo? Bastola ambayo kuisafisha ni adhabu, haitasafishwa.

Risasi. Hapa naomba chukua kalamu. Mtu aliyeamua kweli kushindana anapiga kama risasi 100 kwa zoezi moja. Mara moja kwa wiki, kwa mwaka ni 5,200. Kabla hujauliza bei ya bastola, uliza bei ya risasi moja, zidisha kwa hiyo 5,200, kisha ukae chini unywe maji. Kwa wengi wetu hesabu hiyo peke yake inajibu swali: anza na hewa, au .22, milimita 9 itakungoja. Uliza pia kama risasi hizo zinapatikana kihalali kwa muuzaji mwenye leseni unayeweza kumfikia. Bastola nzuri ya risasi adimu ni ng'ombe asiyetoa maziwa.

Sasa ile "mashine" ya bei poa isiyo na karatasi.

Kaka, nisikilize kama mdogo wako au rafiki yako, vyovyote utakavyo. Tanzania Bara ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyoiondoa ile ya 1991. Maombi yanaanzia chini kwa serikali ya mtaa au kijiji, wanaokujua tabia zako, yanapanda wilayani na mkoani, mpaka polisi makao makuu. Ni safari ndefu na unaweza kunyimwa. Lakini kukutwa na silaha bila kibali kunaangukia kwenye uhujumu uchumi, na sheria hiyo tangu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016 inazungumzia kifungo cha miaka 20 hadi 30. Wewe una miaka ishirini na kitu. Piga hesabu ukitoka utakuwa na mvi ngapi.

Tena angalia tunapoishi. Ganako hapa ukitazama juu ni msitu wa Ngorongoro, ukigeuka huku ni Manyara. Kuingia na silaha hifadhini bila ruhusa ni kosa lingine linalojitegemea. Mlio mmoja wa bastola usiku huku kwetu askari wa wanyamapori hawasemi "huyo anafanya mazoezi ya Olimpiki". Wanasema jangili. Na wewe ni dereva, kila wiki unapita lango la Ngorongoro na wageni kwenye gari la tajiri.

Lakini weka jela pembeni kidogo, tuongee mchezo. Bastola ya magendo haiwezi kuaminika hata kwa mchezo wenyewe. Huwezi kuipiga risasi mia mbili kuijaribu, utaipigia wapi? Huwezi kumpelekea fundi. Hujui mtutu wake umepitia nini wala namba yake imefutwa kwa sababu ya nani, labda imeshaua mtu huko ilikotoka. Na siku ukienda kwenye mashindano, mezani kwa waamuzi bastola inapimwa uzito, inapimwa triga, na mwenyewe unaonyesha kibali. Hapo ndipo safari inapoishia, mbele ya watu. Umenunua bastola ya mashindano isiyoweza kuingia mashindanoni. Bei poa hiyo?

Kuna wanaosema serikali zinabana mno mchezo huu. Uingereza walibana kuliko sisi. Baada ya mtu mmoja mwenye bastola alizozimiliki kihalali kuua watoto 16 na mwalimu wao shuleni Dunblane, Scotland, Machi 1996, mwaka uliofuata walipiga marufuku karibu bastola zote, hata za wanamichezo, mpaka timu yao ya taifa ikawa inakwenda nje ya nchi kufanya mazoezi. Michezo ya London ya 2012 ilibidi itolewe ruhusa maalumu. Sisi bado mlango upo, mwembamba lakini upo. Kila "mashine" isiyo na karatasi inayokamatwa inauzidisha wembamba.

Kwa hiyo ufanye nini leo, ukiwa huna bastola? Mengi tu. Chukua chupa ya maji ya lita moja, imejaa. Uzito wake unakaribia bastola ya hewa. Simama upande, nyoosha mkono mmoja, ielekeze kwenye kifungo ulichobandika ukutani, hesabu mpaka kumi, shusha, pumzika, rudia. Wale mliopita JKT msijisifu mapema, kule bunduki mliegemeza begani na mlilala chini. Hapa ukifika mara ya ishirini utaona chupa inacheza ngoma. Ukiweza mara sitini kila jioni kwa miezi mitatu, ukishika bastola halisi mbele ya mkufunzi atajua umetoka kazini.

Kama unadhani natania, mkumbuke Károly Takács, askari wa Hungaria. Mwaka 1938 bomu la mkono liliusaga mkono wake wa kulia, ule wa bastola. Akajifunza kimyakimya kwa mkono wa kushoto. London 1948 alichukua dhahabu ya bastola ya mita 25 ya kupiga haraka, Helsinki 1952 akarudia. Kabadilisha mkono, wewe unaumwa na kubadilisha bastola.

Na ukitaka mwalimu wa karibu zaidi, wageni wako unawapeleka kila siku. Shuka Ziwa Eyasi kwa Wahadzabe, waangalie watoto. Mtoto mdogo ana upinde mdogo, kaka yake ana wa saizi yake, na mtu mzima anachonga wa kwake mwenyewe, mgumu kiasi kwamba mzungu wa futi sita akipewa kujaribu anauvuta nusu tu, anakuwa mwekundu, watoto wanacheka. Hakuna anayemnunulia kijana upinde wa baba yake eti atakua. Kwanza ule unaouweza, ugonge mti kila siku, mkono ukikomaa upinde unafuata. Pale wanaposhindanisha wageni kulenga shabaha, usibaki kwenye gari unachezea simu. Shuka ujaribu na wewe. Hakuna kibali kinachotakiwa kulenga gogo na mwenyeji yupo pembeni.

Kwa hao wanaotaka nitaje jina moja tu ili roho zitulie: ukinipa kibali mkononi na mahali halali pa kupigia, ningeanza na bastola ya hewa ya mazoezi, ya kukunja mtutu, na nisingetazama .22 mpaka karatasi zangu za mita 10 zianze kuonyesha matundu yamekaa kundi moja. Milimita 9 ningeiacha kwanza kwa wenye magari mawili.

Nafasi imeniishia na mhariri keshaanza kunikodolea macho. Wiki ijayo nitajibu wale mabinti wa Rhotia walioniuliza kuhusu kozi za uongozaji watalii, nani anafundisha na nani anakula ada tu. Barua nyingine zote nimezipata, msinune. Tukutane panapo majaliwa.